Barua ya wazi kwa wanafunzi wa sekondari wa Amu (Lamu): mbu wa mchana na maji ya ndani

Wajukuu zangu mlioko sekondari, wa Amu mjini, Shela, Matondoni na Kipungani, na nyinyi wa Pate, Faza na Kizingitini, salaam aleikum.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 2004. Katikati ya mwaka ule homa ilishuka Amu ikalaza watu nyumba kwa nyumba. Mtu aliamka mwili moto, vifundo vimevimba, hawezi kufunga kifungo cha shati wala kushuka ngazi. Ilikuwa chikungunya. Damu za wakazi zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba kama robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapa maradhi yakafika Mombasa, mwaka 2005 yakaingia Komoro, kisha yakaendelea hadi India. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, kwa sababu ugonjwa ulijulikana kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Na msidhani Malindi walisalimika na maradhi ya aina hii: homa ya dengue, ambayo wazee wetu waliiita kidingapopo, ilizuka huko mwaka 1982.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba 2004 haukuwa mwaka wa mvua. Ulikuwa wa ukame. Maji yalipoadimika, kila nyumba ilijaza mitungi, mapipa na ndoo, ikayaweka siku nyingi bila kuyagusa, na mbu akapata makao ndani. Kwa hiyo msingoje masika ndipo mshike mswaki wa kusugulia vyombo.

Mbu anayeleta maradhi haya si yule wa malaria. Yule wa malaria huuma usiku, na chandarua kinamtosha. Huyu ni mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi jua likishachomoza na tena alasiri kuelekea magharibi, saa zile zile mko darasani au uwanjani. Haruki mbali. Wengi wao hawavuki mita 200 kutoka pale walipozaliwa, na kwa vichochoro vya mitaa yetu ya Mkomani na Langoni hizo ni nyumba nyingi. Aliyekuuma barazani kazaliwa kwenu au kwa jirani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Jike hatagi juu ya maji. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, palipo na unyevu, juu kidogo ya ukingo wa maji. Ni madogo, meusi, kama vumbi la pilipili manga, na yameganda. Chombo kikikauka mayai hayafi; hukaa miezi, hata minane, yakingoja. Siku maji yakipanda na kuyafunika, yanaanguliwa. Basi anayemwaga maji ya mtungi na kuujaza tena bila kuusugua hajafanya kitu. Kayapa mayai maji mapya.

Kwa joto letu, tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni siku saba mpaka kumi. Ndiyo maana kazi hii ni ya kila wiki, siku ile ile, bila kuruka hata moja. Mkichagua Alhamisi alasiri, iwe Alhamisi. Mwaga maji yaliyobaki juu ya mchanga mkavu, si mferejini. Chukua mswaki mgumu au kumbi la nazi pamoja na sabuni, usugue kwa nguvu utepe wa vidole vinne juu ya alama ya maji na vinne chini yake, zunguka chombo chote, kisha suuza. Mtungi wa udongo una vitundu, hivyo usugueni mara mbili.

Birika la nyumba, yaani hodhi la maji lililojengwa, halimwagwi. Maji ni ghali, na yale matamu tunayokunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, hayana wingi wa kuchezea. Wazee walikuwa na dawa: samaki wadogo ndani ya birika, wanaokula viluwiluwi kabla havijawa mbu. Rudisheni desturi hiyo. Samaki watatu au watano wanatosha birika la kawaida. Msiwatupie wali wala mkate, maana aliyeshiba hawindi. Wahesabuni kila mwezi, na mkitia klorini kwenye birika wahamisheni kwanza, la sivyo watakufa. Birika la msikitini ni vivyo hivyo, lakini ongeeni na imamu au msimamizi kabla ya kugusa chochote.

Pipa na tangi hufunikwa. Kifuniko kilicholegea ni kibaya kuliko kukosa kifuniko, kwa kuwa mbu huyu hupenda giza na kivuli. Mkifunika kwa kitambaa, kifungeni kwa mpira wa ndani wa baiskeli na mkikaze kama ngozi ya ngoma. Kikilegea kitabonyea katikati, kitashika maji ya mvua, na mtakuwa mmetengeneza zalio jipya juu ya lile la zamani. Bomba la kumwagia maji ya ziada kwenye tangi nalo lifungwe wavu wa matundu madogo. Hilo husahauliwa karibu kila mahali.

Halafu kuna vile visivyohesabiwa kuwa vyombo: vifuu vya nazi, makopo, tairi zinazoning'inizwa gatini, dau lililopandishwa pwani bila kufunikwa, sahani za chini ya maua, sakafu ya juu ya nyumba iliyobonyea, karai la maji ya punda. Vifuu na makopo vigeuzeni kifudifudi au viondoeni. Tairi litobolewe upande wa chini. Karai la punda lisuguliwe pamoja na mitungi.

Wahenga wamesema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wasingiziwa. Matende yaliletwa na mbu, mwingine, yule wa mashimo ya choo na maji machafu, anayeuma usiku. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya shimo vilitiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika uso wa maji na mbu akakosa pa kutagia. Shimo lenu likipasuka, lizibeni. Mafuta ya taa msiyatie kamwe kwenye maji ya kunywa.

Mkitaka kufanya jambo la maana kuliko usafi wa siku moja wenye picha nyingi, hesabuni. Gaweni mtaa: wanafunzi wawili kwa nyumba kumi, mvulana na msichana, ili mlango ufunguliwe bila shida. Bisheni hodi, salimieni, elezeni mnachotafuta, mngoje ruhusa. Msimwage maji ya mtu. Mwenye nyumba ndiye amwage, nyinyi mmulike. Tochi itumike hata mchana. Viluwiluwi huzama kivuli kikipita, kwa hiyo tulieni dakika moja. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya mbu wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini ni vya aina nyingine, akiwemo huyu wetu. Andikeni tarehe, nyumba ngapi mmeingia, ngapi zina viluwiluwi, na katika chombo gani. Nyumba 40 mkikuta viluwiluwi katika 6, hiyo ni asilimia 15. Rudini baada ya wiki nne mhesabu tena. Majina ya wenye nyumba yasitoke nje ya daftari. Mkimwaibisha mama mmoja, milango ya mtaa mzima itafungwa.

Kuhusu homa nitasema machache, lakini yashikeni. Si kila homa ni malaria. Msinunue dawa ya malaria dukani kabla ya kupimwa. Kama ni dengue au haijulikani bado, mgonjwa asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutoka damu. Parasetamoli inafaa: kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, zipite saa sita kabla ya kurudia, wala visizidi vinane kwa siku nzima. Anywe maji mengi. Hatari ya dengue huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati nyumba nzima inashukuru kwamba kapona. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoka damu, au akilegea na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe kwa punda, kwa mashua au kwa vyovyote.

Na mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana, wiki ya kwanza yote. Wakati huo virusi vimo damuni mwake, na mbu akimuuma atavipeleka kwa jirani. Nyumba nyingi hukataa hili kwa sababu ya joto. Mbembelezeni mgonjwa, mpepeeni.

Mkimaliza kuhesabu, msiliache daftari kabatini. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 37 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi kwa mamlaka, hata asiyefika umri wa kupiga kura. Huduma za afya za kaunti na uzoaji taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mwakilishi wa wadi yenu (MCA) na nakala kwa afisa wa afya ya umma: mtaa, tarehe, nyumba mlizokagua, asilimia mliyopata, na jambo moja tu mnaloomba, kwa mfano taka za ufuoni zizolewe au bomba la mtaa lisikate maji siku tatu mfululizo. Maombi kumi kwa mpigo huwa hayajibiwi hata moja. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wiki mbili zikipita kimya, rudini na nakala hiyo mkononi, mwende watatu, mkiwa na sare za shule.

Wassalaam,
Mzee wenu wa Mkomani