Ramani ya ukutani msiitoe

Mhariri naomba nafasi kidogo. Huku wilayani Rungwe ukiingia ofisi ya kijiji siku ya mgogoro wa mpaka utakuta watu wamejazana mbele ya ile ramani ya matumizi ya ardhi wanaipiga picha, wakitoka nje wanakaa kwenye benchi kuvuta kwa vidole viwili, huyu anasema shamba langu hili hapa, yule anasema we acha huo ni msitu wa kijiji, na picha ni ileile. Halafu wapo wanaosema karatasi itolewe tu maana siku hizi kila mtu ana simujanja. Mi nakataa.

Karatasi ya A0, ile saizi kubwa ya ukutani, ni mita moja ya mraba, kioo cha simu ya inchi 6.5 ni kama sentimita 100 za mraba tu. Yaani kwa ukubwa uleule unaona fungu moja kati ya mia, hayo 99 uyabebe kichwani, ndo maana mtu akishavuta anapotea, mto kauacha wapi, barabara ya Tukuyu iko upande gani, hajui. Na ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa majina madogo hayasomeki (tumeni kama dokumenti jamani).

Hii ishu ilishapimwa. 2007 watafiti kina Michael Rohs walilinganisha njia tatu za kutafuta vitu kwenye ramani kwa simu: kusogeza ramani kwa kitufe huku simu imetulia, kuisogeza simu yenyewe kama unachungulia tunduni, na kuishika juu ya ramani ya karatasi kamera ikiwa wazi, maelezo ya ziada yanatokea kwenye kioo. Kitufe kilishindwa, hizo mbili za kusogeza simu watu walipata walichotafuta haraka na walizunguka ramani zaidi. Sawa, vidole viwili havikupimwa pale, na 2009 waliona ramani ikijaa alama nyingi faida ya karatasi inapungua. Ila za vijiji vyetu ni rangi tu za malisho, mashamba na msitu, hazijajaa kihivyo.

Kwa hiyo wanaochora ramani watuachie karatasi, halafu watupe na PDF yenye namba za mahali za GPS ndani, ukiifungua kwenye apu inayoisoma unaona kidoti chako kikitembea shambani hata bando likiwa limeisha. Na ramani itundikwe kwenye mwanga, ya kwetu iko nyuma ya mlango, mlango ukiwa wazi haionekani.

Msomaji wenu, Tukuyu