Barua kwa mwanangu: Tomi asitoke bila kamba

Mwanangu, marahaba, shikamoo yako nimeiona. Nimefurahi umepata nyumba Karatu ila uliposema ni ya mwisho kabisa na nyuma yake ni msitu wa Ngorongoro, usingizi ukakata, maana mbwa wako Tomi namjua, akiona mnyama anamkimbiza. Siyo digidigi ninaowaogopa baba, ni nyati. Mbwa akimkurupusha nyati hapambani naye, anageuka anakimbilia kwa mwenyewe, na mwenyewe ni wewe, na nyati yuko nyuma yake anakuja. Kwa hiyo kamba. Hata jioni unaenda dukani tu, kamba.

Ifunge kwenye mkanda wa kifuani usimfunge shingoni, akichomoka mbio ataumia. Muite wakati bado ananusa, kabla masikio hayajasimama na mguu wa mbele haujakunjwa, ukichelewa hapo hakusikii tena. Akirudi mpe kipande cha utumbo, kila akirudi, hata kama amekuudhi kiasi gani. Na usimpige. Mbwa akirudi akakuta fimbo kesho harudi, na fimbo ile ilikuwa mkononi mwa nani wewe ulikuwepo, tuyaache. Hata wale tumbili wa kwenye migomba, aliyekuwa anamwambia "kamata, kamata" siyo wewe.

Chanjo ya kichaa ni kila mwaka na ya distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, usiiruke, mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti na mbwa wa vijijini ndio waliotajwa kuwaambukiza. Wewe umesomea wanyama, kanisani nimewatangazia wote mwanangu kaajiriwa huko, halafu kadi ya chanjo ya mbwa wako unaiacha juu ya kabati la vyombo miezi miwili! Ndiyo hivyo hivyo na bati la jikoni, ulisema utalipigilia kabla hujaondoka, juzi imenyesha nimepikia chumbani.

Mdogo wako anataka viatu vya shule, ukipata mshahara mkumbuke. Jumamosi natuma kiroba cha unga kwa basi la asubuhi, kadi iko humo ndani kwenye mfuko wa nailoni, na kamba ya manila mita 10 nimeizungushia chini kabisa, usimwage unga ukaisahau. Nipigie ukishaifunga.

Mama yako