Barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya maigizo: yule binti mngemuuliza nauli

Wajukuu zangu,

Jumamosi mlipoigiza pale gulioni nilikuwa nyuma kabisa, nimekalia kreti la soda, ubavuni mwa mama muuza karanga. Sare zilipendeza, ngoma ilipigwa ikapigika. Kisha mkamtoa yule binti wa shule: akanunuliwa chipsi na dereva wa bodaboda, akapata mimba, akafa. Dakika kumi, yote hayo. Maiti hata haijafunikwa sawasawa, kiongozi wenu keshashika maikrofoni: "Haya wananchi, tumejifunza nini?" Watoto wakaitikia kama wanaimba tebo. Yule mama akasokota kijikaratasi chake cha karanga akasema, wala hakunong'ona: "Mbona hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na nauli?"

Nauli, wanangu! Shule ya kata iko mbali, konda anamsukuma mwanafunzi kwa kuwa analipa nauli pungufu, jua linazama. Mchezo wote ulikuwa humo, nanyi mkaupita mbio kulifuata fundisho.

Sisemi sanaa isifundishe. Malenga wa kale Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858 alikuwa mgonjwa. Anamwita mwanawe asogee na wino na karatasi. Anayomwambia kuhusu mume unaweza kuyabishia, nami nayabishia, lakini unamsikia mama anayeona siku zake zimekwisha. Na Sayyid Abdalla bin Ali, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, hamkemei jirani. Anaukemea moyo wake mwenyewe. Anautembeza katika majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, waliokwisha kufa, anauonyesha madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani za fahari: sasa wamelala humo makinda ya ndege. Ukishayaona yale madaka, kuna haja gani ya mtu kukushikia maikrofoni?

Deni langu nalikiri. Miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana, na ngonjera zilikuwa zimepamba moto. Marehemu mshairi Mathias Mnyampala alikuwa amezitunga kueneza siasa ya Azimio la Arusha. Nikawakaririsha watoto beti za kilimo bora mpaka mgeni rasmi akasimama kupiga makofi. Shamba la shule, hatua hamsini kutoka jukwaani, lilikuwa magugu matupu. Hakuna aliyegeuka kulitazama, mimi wa kwanza.

Wenzetu wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, walituzidi akili. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, kipindi kikiisha wanajadiliana, ndipo wanakwenda kuchimba vyoo. Ninyi majadiliano mmeyafuta, mmeweka swali ambalo jibu lake mnalo mfukoni.

Najua lawama si yenu peke yenu. Mfadhili anataka picha ya umati, ofisi inataka taarifa isemayo ujumbe umefika, nanyi mnataka posho, na ni haki yenu. Ila tumezoea mno nchi hii kumfundisha maskini jambo analolijua. Nani pale gulioni alikuwa hajui mimba inavyopatikana? Tunawapelekea igizo kwa kuwa kuwajengea bweni ni ghali.

Mengine nayataja tu. Mhusika asiitwe Bwana Tamaa. Mlevi naye apewe akili. Jifunzeni mizani, ile hesabu ya silabi, kabla ya kuandika ngonjera. Spika ipunguzwe mtu anaposema. Na si kila mkosaji afe, jamani, hata huku mtaani hawafi.

Gulio lijalo mfuateni yule mama wa karanga, mumwombe aje mazoezini, na siku hiyo mumlipe karanga zake, maana atakuwa hajauza. Mwacheni aulize swali lake mchezo ukiwa katikati, binti ajibu mwenyewe. Kreti langu nitakuja nalo.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu