Nimwimbie nani, ukuta?

Unguja Mjini, Jumapili usiku

Shoga yangu wa Maskati,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo wewe na watoto, na kwamba joto la huko limeanza kupungua makali. Sisi huku kipupwe, asubuhi tunajifunika khanga mbili. Najua ulitaka nikutumie sauti tu kwenye simu, lakini kisa chenyewe kirefu na mie nikianza kusema peke yangu chumbani nahisi kama mwendawazimu. Kwa hiyo nakuandikia.

Umeniagiza nyimbo za Mwaka, zile za sherehe ya Mwaka Kogwa. Ulisema marehemu mama yako alikuwa akizivumisha jikoni kila ukifika wakati wake, nawe umebaki na sauti bila maneno. Nikakujibu kwa kishindo: hilo dogo, nitakwenda Makunduchi, kule kusini mwa Unguja, na simu yangu nikuletee zote. Shoga, nimekwenda, na simu nilikuwa nayo. Hebu nikwambie ilivyokuwa.

Nilifika siku moja kabla, kwa daladala ya 310, nimebanwa kati ya gunia la mkaa na mama mwenye kuku wawili waliofungwa miguu. Nikateremka nikenda moja kwa moja kwa shangazi yako. Shikamoo, marahaba, wa huko hawajambo, mbona haji, ameshasahau njia? Hayo yote nimeyajibu kwa niaba yako, utanilipa. Kabla sijakaa, jirani akapiga hodi kuniomba nikalale kwake. Nikadhani ni ukarimu wa kawaida, kumbe palikuwa na jambo. Wenyewe wanasema nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina kheri, na yule bibi wanawe wote wako mjini na hakuna aliyetokea. Shangazi yako akamjibu, "Mgeni huyu nimemtoa Maskati kwa simu, wako katafute." Wakacheka, lakini hakunitoa. Ikabidi nikale chakula cha usiku kwa jirani, nirudi kulala kwa shangazi, ili kila nyumba ipate nusu ya mgeni.

Usiku ule ndipo nilipojaribu. Shangazi ameketi kwenye kibao, anamenya muhogo. Nikaiweka simu juu ya kinu, nikamwambia, "Shangazi, tafadhali, tuimbie zile za Mwaka, mwana wa ndugu yako anazitaka." Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akaendelea kumenya. Nikamwomba tena, akasema:

"Nimwimbie nani, ukuta?"

Nikasema si ukuta, niimbie mie. Akasema mie sijui kujibu. Nyimbo za Mwaka, anasema, haziimbwi kitako. Unaziimba unatembea, una wenzako nyuma yako, na mbele yako yupo wa kumwambia. Asipokuwepo wa kukasirika hakuna wimbo. Nikang'ang'ania angalau ubeti mmoja. Akanipa kisu na muhogo nimsaidie, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa wewe uliondoka mdogo, pengine mengine hukumbuki. Mwaka wenyewe ni Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, huko wanasema Nowruz, maana yake siku mpya. Lakini wao wanausherehekea Machi na sisi tunausherehekea Julai, na sababu yake ni hesabu. Mwaka wetu wa zamani ni siku 365 kamili, hauna ile siku moja inayoongezwa Februari kila miaka 4. Kwa hiyo kila miaka 4 Nairuzi inarudi nyuma siku moja katika kalenda ya ukutani. Ndiyo maana shangazi yako anasema alipokuwa mtoto Mwaka ulikuwa mwezi wa nane, na vijana wakamwona amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Katika miaka 80 siku 20 zimekwenda zake. Wazee walikuwa wakihesabu kwa miongo, siku 10 kila mwongo, miongo 36 na siku 5 za kumalizia, wakijua kwa hesabu hiyo lini kupanda na lini bahari itabadilika. Hiyo si kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi, wala si ya Kizungu. Ni ya mkulima na mvuvi. Nimeona nikwambie kwa sababu uliniuliza Mwaka "unaangukia lini" ukate tiketi. Uliza kila mwaka, shoga, usiandike ukutani.

Alfajiri tukaenda kukoga. Jina lenyewe si ndilo hilo, Mwaka Kogwa? Unauogesha mwaka na wewe mwenyewe, uchafu wa mwaka uliopita ubaki baharini. Bahari nayo ilikuwa imekupwa, maji yako kule. Tukatembea juu ya mawe na majani tukitafuta maji ya kufika magotini, shangazi mbele na miaka yake yote, mie nyuma nalia na nyayo zangu za mjini. Hapo nikamsikia anavumisha. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani isije ikaingia maji.

Uwanjani mambo yalianza mchana. Wanaume wamekuja na magomba yao, wengine wamejifunika makoti mazito na kofia za pikipiki na jua lile. Wanaanza ndugu wawili wa upande wa kusini na wawili wa kaskazini, halafu wote wanaingia, paa, paa, paa. Gomba ni bichi, lina maji, halivunji mtu mfupa, ila linauma na linachafua. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake anakitolea pale, na kikishatoka hakirudi nyumbani. Nilimwona mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anamtafuta mwenziwe wa rika lake katikati ya vumbi kama anamdai.

Lakini wewe hukuniagiza magomba. Uliniagiza nyimbo, na nyimbo ziko kwa wanawake.

Wanakuja kwa mafungu, doti mpya zimepigwa pasi, wanja, udi unanukia mpaka kwenye vumbi. Wanauzunguka uwanja huku wanaume wanapigana, na wanapozunguka ndipo wanapoimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kina mama wa upande mmoja wanawaambia wa upande wa pili yao, na wale hawakai kimya. Mapenzi, ndoa, nani mvivu, nani anajidai na nyumba haina chumvi, mume gani anarudi usiku na visingizio. Mengine, shoga, siwezi kuyaandika kwenye karatasi hii, watoto wako wanajua kusoma. Bibi wa kuswali Dhuha, ambaye jana kanikatalia ubeti mmoja mbele ya muhogo, nimemsikia kwa masikio yangu akisema jambo kuhusu wanaume wa upande ule ambalo hata mie niliinamisha kichwa. Na ni la fumbo, si tusi la wazi. Ukilielewa umelielewa, usipolielewa unatabasamu tu. Halafu wa upande wa pili wakajibu, na jibu lilikuwa kali kuliko swali, akacheka shangazi yako mpaka akashika mbavu.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Yale maneno hayakuwa yamekaa kichwani mwake yote tangu jana. Kiini alikuwa nacho, mwendo wa sauti alikuwa nao, lakini nusu yake alipewa na yule aliyesimama upande wa pili. Mama yako jikoni alikuwa anavumisha ule mwendo. Maneno labda hayakuwepo siku zote, kwa sababu kule jikoni kwenu mjini hakuwa na wa kumjibu.

Nilirekodi, bila shaka nilirekodi. Dakika 11. Nimesikiliza nikiwa nimetulia: kuna upepo, kuna magomba, kuna mtoto analilia barafu, na juu ya yote kuna spika kubwa iliyofungwa pembeni mwa uwanja, inapiga muziki wa dansi kana kwamba watu wamefuata hiyo. Hilo limeniudhi kwa kweli. Ngoma na muziki wa usiku sina ugomvi nao, nilicheza mpaka viatu vikanivunjikia. Ila kwa saa ile moja ya kina mama, si wangeizima? Wageni wenye kamera nao wamejipanga mbele kwa wanaume, kwenye vumbi na kelele. Wanawake wanapita nyuma ya migongo yao, na sikuona hata mmoja aliyegeuka.

Kisha kibanda cha makuti. Mzee anaingia ndani, kinatiwa moto naye yumo, anachomoka upande wa nyuma anakimbia, na watu roho juu kila mwaka kana kwamba safari hii hatatoka. Wazee wanatazama moshi unaelekea wapi, wanasoma mwaka. Safari hii umekwenda upande wa pwani. Nilimuuliza shangazi ni heri au shari, akasema nimuulize mwakani.

Sasa nyimbo zako. Maneno niliyoyakamata ni machache, kwa sababu mengi ni Kikae, lahaja ya huko Makunduchi, na Kikae kikisemwa haraka huku watu wanacheka mie siambulii kitu. Siku ya pili nikamsomea shangazi nilichoandika. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimeandika vizuri sana wimbo ambao haupo. Basi karatasi ile nimeichana. Dakika zangu 11 nitakutumia, ongeza sauti kuanzia ya saba, utamsikia. Yule mwenye sauti nyembamba anayeanzisha ndiye yeye.

Na kwa kuwa sikutaka kukuandikia mkono mtupu, nilijaribu kutunga kwenye daladala ya kurudi, nikilinganisha na mwendo ule. Nilimwimbia shangazi kwa simu nilipofika. Akasema kidogo kinapita, ila kimepungua ukali, nimekuonea haya. Chenyewe hiki:

Mwaka umetoka pwani, umekoga maji chumvi,
Aliyebaki Omani, kichwani kaota mvi.

Usinune. Upande wa kusini umeshasema. Shangazi anauliza kila nikimpigia kama umejibu.

Wasalimie wote.

Shoga yako wa siku zote