Bazaa ya 1902 na panya wake

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika wiki iliyopita kwamba Bazaa ya Wahindi hapa Nairobi ilichomwa mwaka 1902 kwa uchafu wa wenye maduka ametupa nusu ya habari. Tauni, ugonjwa unaotokana na panya, ilikuwepo kweli, na moto uliwashwa kwa amri ya daktari wa serikali. Lakini uchafu wenyewe ulitoka wapi?

Mimi nauza nafaka Nyamakima, huu mwaka wa ishirini, na panya namjua kuliko ninavyowajua majirani. Panya hafuati uchafu, anafuata chakula. Unafungua stoo asubuhi, unakuta gunia la mahindi limetobolewa pembeni, punje zimemwagika, na vinyesi vyeusi vimetapakaa kama mchele ulioungua. Haya, sasa chukua bazaa ile: vibanda vya mabati na mbao vimebanana, magunia mbele, watu wanalala nyuma. Hata ufagie mara tatu kwa siku, panya atakuja tu.

Na mahali penyewe! Reli ilipofika mwaka 1899, wahandisi walitaka tambarare ya kuweka njia za treni na karakana. Kwamba palikuwa na kinamasi, na kwamba udongo ule mweusi ukilowa unakuvua kiatu, halikuwashughulisha. Mji wa soko ukaota juu ya kambi ya reli, bila mitaro ya maana. Mwenye duka angemwaga wapi maji machafu?

Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikwisha kuonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni, ingawa wengi walimpuuza. Moto unateketeza mabati na mali ya watu. Panya huwa wameshahama zamani. Jirani yangu alipobomoa stoo yake, nilijua siku hiyohiyo, maana wageni wake wote walihamia kwangu. Si ajabu basi kwamba tauni ilirudi Nairobi kabla ya vita vya 1914.

Kinachoniudhi zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji yetu, na katika mapendekezo yake akataka Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe katika makazi yao. Kiroboto haulizi rangi ya ngozi, lakini hoja ya afya ilikuwa kisingizio kizuri cha kugawana mji, na sehemu zenye maji safi na mifereji zikajulikana ni za nani.

Msomaji huyo akipita Nyamakima, anitafute. Nitamwonyesha mtaro ulio mbele ya duka langu, umeziba tangu mvua za Aprili. Leseni nimelipa Januari.

Muuza nafaka,
Nyamakima, Nairobi