Shabani, naomba unitazamie kutu ya Tabora

Leicester, 14 Septemba

Ndugu yangu Shabani,

Salaam aleikum. Habari za siku nyingi, habari za Tabora, habari za nyumbani? Sisi huku wazima. Watoto wamerudi shule, mama yao wiki hii ana zamu za usiku, kwa hiyo nyumba imetulia nami nimepata nafasi. Mfikishie Baba shikamoo yangu, na Mama pia. Nasikia mguu umeanza tena kumsumbua. Zena aliniandikia kwamba umeacha kazi ya Isaka na umerudi Tabora moja kwa moja. Nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua hii ndefu badala ya kukutumia ujumbe wa sauti, maana wewe huwa unasikiliza nusu.

Nahitaji picha. Zaidi ya picha, nahitaji macho yako. Ngoja nianze mbali kidogo.

Ile reli ndogo ya mfano, ya kuweka mezani, niliyokuonyesha kwenye simu imepata mabehewa. Niliyanunua ya mtumba kwenye maonyesho ya klabu: mabehewa ya makaa ya mawe, yale ya chuma ya tani 16 yaliyojaa kila mahali hapa Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Kipimo chake ni 1 kwa 76, yaani behewa ambalo kwa kweli lina urefu wa kama mita 5 linalala kwenye kiganja, sentimita 6.6. Yametengenezwa kwa ustadi, hata bawaba za milango zinaonekana, na ule mstari mweupe wa mshazari ulioonyesha ni upande gani unafunguka wakati wa kumwaga makaa. Ila yanang'aa kama sahani za harusi. Wewe uliyekulia nyuma ya stesheni, umewahi kuona behewa la mizigo linang'aa?

Basi najifunza kuyachakaza. Hii ni fani kamili, Shabani. Kuna watu wameshughulika nayo maisha yao yote, na kuna mzee mmoja pale klabuni, zamani alikuwa fundi wa mabehewa, ambaye kabla hajaniruhusu kushika brashi aliweka behewa mezani akaniuliza, "Huu uchafu unaotaka kuupaka, umetoka wapi?" Nikamwambia umetoka njiani. Akasema hapana, njiani ni pakubwa, nitajie mahali. Tangu siku hiyo siwezi kuangalia doa bila kuliuliza lilikotoka.

Chukua sehemu ya chini, kwenye fremu na magurudumu. Pale rangi yake ni kahawia, na kahawia hiyo ina mwenyewe: breki. Vipande vya breki vilikuwa vya chuma cha kusubu, vikisugua gurudumu vinatoa unga, unga unashika kutu na kutulia kila mahali huko chini. Kwenye vikombe vya ekseli rangi inageuka kuwa nyeusi yenye mng'ao kidogo, kwa sababu oili inavuja na vumbi linanasa. Ukipaka chini yote rangi moja umesema uongo mara mbili.

Ndani ya behewa ndiko kuzuri zaidi, napenda sana kuifanya sehemu hiyo. Makaa yakimwagwa yanakwangua rangi, chuma kinabaki uchi. Makaa yenyewe yana salfa, yakilowa maji yanatoa asidi inayokula chuma taratibu kutoka ndani. Ndiyo maana kwenye picha za zamani unaona kutu imetokeza upande wa nje katikati ya bati, mahali ambapo hakuna kilichogonga. Imetoboa kutoka ndani! Mara ya kwanza kulielewa jambo hilo nilisimama, nikaenda kumwamsha Salma nimwonyeshe.

Na kutu siyo rangi moja. Wanauza kopo la rangi ya Humbrol namba 113 lililoandikwa kutu, na ni rangi nzuri, lakini peke yake haitoshi. Kutu ya juzi ni ya machungwa, ya mwaka jana ni kahawia, ya miaka mingi inakaribia zambarau iliyokolea. Mkwaruzo mpya utie ya machungwa, tena kidogo sana, kwa kipande cha sponji kilichochanwa. Wengi ninaowaona kwenye video wanamwaga machungwa kila mahali mpaka behewa linaonekana limetolewa baharini. Inaniuma kuona kazi ya namna hiyo, maana behewa lile lilikuwa kazini kila siku. Lilichoka, ndiyo, lakini lilikuwa halijatupwa.

Utaratibu wenyewe nikueleze upesi, najua Hamisi atataka kujaribu akiiona barua hii. Kwanza unaosha behewa kwa sabuni ya vyombo, mafuta ya vidole yatoke. Unapulizia vanishi ya maji isiyong'aa, unaiacha ikauke kabisa. Halafu unachukua rangi ya mafuta, unaizimua kwa thina ya rangi za mafuta (white spirit) mpaka iwe kama maji machafu, unapaka upande mzima, na kabla haijakauka unaifuta kwa kijiti cha pamba cha masikio. Thina hiyo haiigusi vanishi ya maji iliyokauka, kwa hiyo usipopendezwa unafuta yote na kuanza upya. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema kubwa. Na unafuta kutoka juu kwenda chini tu, mvua inavyoshuka. Uchafu unabaki penyewe kwenye pembe na chini ya bawaba, mahali ambapo hata mvua isingeufikia.

Nyeusi tupu usitumie. Kitu kidogo kikipakwa nyeusi tupu kinakuwa shimo, jicho halioni umbo. Changanya kijivu na kahawia. Mwisho unakuja unga wa rangi. Bei za huo unga madukani, Shabani... tuyaache. Mimi nasaga chaki laini za kuchorea kwenye msasa, unatoka unga mzuri tu. Ukimaliza usiupulizie unga vanishi, nusu yake itapotea machoni; shika tu behewa kwa chini usije ukaufuta. Na sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli usiipake kitu, uchafu wake utahamia relini na umeme unaoendesha treni hautapita.

Jambo moja lilinipendeza zaidi ya yote. Kwenye picha za zamani, behewa lote limeiva kwa masizi, lakini pale penye namba utakuta pamefutwa. Mtu wa yadi alipitisha mkono au kitambaa apate kuisoma. Alama ya mkono wa mtu! Nilimkumbuka Baba hapo hapo, na yale maandishi yake ya chaki kwenye mabehewa, ambayo sisi tulidhani ni siri za serikali.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Loughborough, hapa jirani, kwenye reli ya Great Central ambayo watu wameihifadhi. Wana msururu wa mabehewa haya haya ya tani 16, wanauita Windcutter, kwa kumbukumbu ya treni za makaa zilizokuwa zikikimbia kutoka Annesley kwenda Woodford Halse. Nilizunguka behewa moja mpaka watoto wakachoka. Ila mengine yamepakwa rangi upya, yanatunzwa, hayafanyi tena kazi ile. Bafa tu, vile vikingio vya chuma mwishoni mwa behewa, ndizo zilizonifundisha kitu: uso umejaa grisi nyeusi, na katikati pana duara linalong'aa pale zinapogusana.

Sasa nafika kwako. Nataka nikishaiva mkono nitengeneze behewa la reli ya kati. Reli yetu ina upana wa mita 1, ukiipunguza mara 87, kipimo kingine cha reli ndogo, inakuja karibu milimita 12, na reli za upana huo zinauzwa. Bodi nitaikata mwenyewe kwenye karatasi za plastiki. Kinachonishinda ni uchafu wake! Huku kila kitu ni masizi na mvua. Tabora ni vumbi jekundu na jua, kisha mvua zinakuja kwa kishindo. Nikipaka uchafu wa Leicester kwenye behewa la Tabora, Baba akiliona atajua mara moja kwamba silo.

Kwa hiyo nakuomba uende stesheni kabla mvua za Novemba hazijaanza. Omba ruhusa kwa stesheni masta kwanza, usiingie yadi hivi hivi na simu mkononi. Piga picha kivulini au siku ya mawingu, jua kali linakula rangi. Weka karatasi nyeupe pembeni ya picha, nitaitumia kujua wekundu halisi ni upi. Halafu, kama hutachoka nami, rudi mvua zikishanyesha wiki kadhaa, piga mabehewa ya aina ile ile. Nataka kuona mvua imeacha nini na imeondoa nini.

Na niandikie, maana picha haisemi kila kitu. Vumbi linapanda mpaka wapi, linaishia kwenye fremu au linafika milangoni? Upande mmoja umezidi mwingine? Yale matenki ya mafuta, michirizi inayoshuka kutoka kwenye mfuniko ni myeusi tu, au vumbi limeigandia? Kwenye milango ya mabehewa yaliyofunikwa, alama za mikono zipo, na ziko kimo gani? Ukipitisha kidole kwenye kutu unabaki na unga au ni ngumu? Baba anakumbuka alikuwa anaandika nini kwa chaki, na upande gani wa behewa? Je, atakubali umrekodi akieleza, nawe usimkatize?

Na wewe mwenyewe, kazi umepata? Nyumba ya Cheyo imeisha paa? Mama anakwenda hospitali ipi kwa ule mguu, nikutumie kitu kidogo cha nauli?

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Idd