Barua kwa mwanangu anayeandika majina ya samaki

Mwanangu mpendwa,

Hapa Pangani hatujambo. Mguu wa Bibi yako umepoa, tangu juzi anatoka mwenyewe hadi barazani. Nilimsomea ujumbe wako, akaniuliza blogu ni nini na wiki ni nini. Nilimjibu nilivyoweza, kisha nikaona nikuandikie na wewe, maana umeuliza, kwa hayo majina ya samaki unayokusanya, uanze na ipi.

Angalia daftari lako la likizo iliyopita. Mna mambo ya aina mbili mle. Kuna hadithi ya asubuhi ile uliyokwenda na Bibi kwenye mnada wa samaki, mvua ikawakuta. Hiyo ina siku yake, imeshapita, huwezi kuirekebisha. Hiyo ni ya blogu: kila andiko lina tarehe, la karibuni linakaa juu. Halafu kuna majina: tasi, changu, pono, chewa, kolekole. Hayo hayana mwisho. Leo unaandika mstari mmoja, mwezi ujao Bibi anakusahihisha, mwakani mtu wa Lamu anakuambia kwao jina ni jingine. Hayo ni ya wiki: kurasa zilizounganishwa, unazozirekebisha wakati wowote.

Neno lenyewe limetoka Hawaii, maana yake haraka. Ward Cunningham alipotengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995, alikumbuka mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu yaliyoitwa Wiki Wiki. Wanarudia neno kama sisi tunavyosema haraka haraka. Alitaka mtu aweze kurekebisha ukurasa papo hapo, na kwenye wiki nyingi toleo la zamani hubaki kwenye historia ya ukurasa, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwa kukosea.

Kwa hiyo usiogope kuanza na kidogo. Ukurasa wako wa kwanza unaweza kuwa hivi tu:

Tasi. Samaki wa [[dema]]. Hula mwani. Miiba yake ina sumu. Bibi humshika kwa kitambaa.

Mabano hayo mawili mawili ndiyo kazi yenyewe. Ukiyaweka, neno dema, ule mtego wa samaki, linakuwa kiungo cha kukupeleka kwenye ukurasa wake, na usipokuwa na ukurasa wa dema, wiki inakuonyesha kwamba kuna pengo. Utaujaza siku utakayokaa na msusi wa madema. Huko utakutana na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, nayo yatataka kurasa zao. Wala huhitaji kupanga sura kama kitabu.

Anza na TiddlyWiki, programu ya kuandikia wiki. Ni faili moja tu, linafunguka kwenye kivinjari hata bila bando, unalibeba kwenye flashi. Ila chunga jambo moja: ukihifadhi, mara nyingi linashuka faili jipya kwenye vipakuliwa. Ukifungua la zamani kesho yake, utadhani kazi imepotea. Andika tarehe kwenye jina la faili, na uweke nakala pengine.

Nasisitiza nakala kwa sababu. Mwaka 2007 nilifungua blogu ya habari za mji wetu, wazee wakinisimulia habari za mashamba ya mkonge na vyombo vilivyokuwa vikiingia mtoni. Niliandika makala 41, zote nikizichapa moja kwa moja kwenye mtandao, pale kwenye duka la intaneti. Kampuni iliyotuhifadhia ikafunga huduma. Sikuwa na nakala hata ya moja. Wazee wawili kati ya wale wamekwishafariki, na maneno yao siyakumbuki kama walivyoyasema. Bado inaniuma, mama. Andika kwanza kwenye kompyuta yako, ndipo upandishe. Ukichagua WordPress kwa ajili ya blogu, ina mahali pa kutoa maandishi yako yote kwa faili moja. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi.

Usidhani Kiswahili hakina nafasi huko. Mtanzania mwenzetu Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati wengi hapa hatujasikia neno blogu, na ndiye aliyemwonyesha mpiga picha wa habari Muhidin Issa Michuzi njia ya kublogu, walipokutana Helsinki mwaka 2005. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Ukishazoea, nenda ukaongeze na huko.

Kabla ya kuweka blogu hadharani, waulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili na kulipa ada, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Wiki iliyo kwenye flashi yako haina haja ya ruhusa ya mtu.

La mwisho ni la heshima. Babu yako mdogo alikutajia mwamba anaovulia chewa. Alikutajia kwa sababu wewe ni mjukuu wake. Usiuandike. Na zima kipengele cha kurekodi mahali (location) kwenye kamera ya simu, maana picha hubeba ndani yake sehemu ilipopigwa, hata kama wewe hukuitaja.

Jana usiku Bibi amekumbuka jina jingine la pono, la zamani, alilosikia kwa mama yake. Nimemwambia asinitajie mimi, akuwekee mpaka Idi.

Baba yako